Nozeli Mbili kwa Kila Mtambo

Wewe uliyewahi kusimama kando ya greda linalounguruma, ukasikia ardhi inatetemeka chini ya viatu vyako, utanielewa mapema. Na wewe ambaye hujawahi, usiniache. Kaa hapo, nitakwenda taratibu, na kila nitakapotaja kipande cha chuma nitakwambia kazi yake. Siandiki haya kwa ajili ya mafundi. Nayaandika kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Masanja huko Kisesa, upande wa kwenda Bujora, na chini ya turubai la msiba kijana mmoja anayekodisha mitambo aliniuliza, "Mama, ni kweli mzee aliunguzwa na greda?" Nikamjibu ni kweli. Akauliza, "Lilishika moto?" Nikamwambia hapana, halikushika moto. Akabaki ananitazama, anasubiri, na mimi na sahani yangu ya wali mapajani sikuweza kumweleza. Ni jambo linalotaka mtu atulie. Sasa nimetulia.

Mwaka alioungua Masanja nilikuwa na umri wa kuolewa na sikuwa nimeolewa, jambo ambalo kila mtu pale yadi alilijua na kulisemea. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza bajeti ya matengenezo kwenye yadi ya mitambo iliyokuwa Nyakato, mali ya ushirika wa wakulima wa pamba. Mitambo iliyobaki hai ilikuwa mitatu: greda la Masanja, lile la kusawazisha barabara, tingatinga la Otieno, na kijiko cha Kulwa, ile mashine ya kuzoa udongo na kuupakia kwenye lori. Mingine yote ilikuwa imeegeshwa nyuma, kwenye magugu, imeshachomolewa kila kinachochomoleka, na mbuzi wa majirani walipumzika kivulini kwake. Ofisi yangu ilikuwa chumba cha mwisho upande wa karakana. Kilinuka dizeli hata Jumapili. Ukiweka kikombe cha chai mezani, na Otieno akawasha tingatinga nje, chai ilijikunja juu kama maji ya ziwani upepo unapoanza.

Soko huria lilikuwa limeshafika kwenye pamba. Wanunuzi binafsi walikuwa wanaingia vijijini na pikapu, wanalipa papo hapo, na mkulima aliyezoea kungoja malipo ya ushirika hadi msimu mwingine hakuwa na sababu ya kuwakataa. Ushirika ukapungukiwa pamba, ukapungukiwa na fedha, na ukatuambia sisi wa yadi maneno ambayo miaka ile yalisemwa kila mahali: jitegemeeni. Kodisheni mitambo, mjilipe. Kisichozalisha kitauzwa, na wasiohitajika watapunguzwa. Neno hilo, kupunguzwa, lilisemwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Na kila mtu alijua linavyofanya kazi: mtambo ukiegeshwa, dereva wake hana tena sababu ya kuwa pale. Wenzetu waliokuwa wanaendesha ile mitambo ya kwenye magugu walikuwa wameshaondoka mmoja mmoja, kila mmoja baada ya mtambo wake.

Tulikuwa na tegemeo moja. Yadi ilikuwa imepewa kazi ya kutengeneza barabara ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, kutoka karibu na kivuko hadi kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa. Barabara ikamilike kabla ya mvua kubwa. Tukimaliza, kazi ya mwaka unaofuata ni yetu na yadi inaishi. Tusipomaliza, yadi inauzwa. Hapakuwa na njia ya tatu, na Meneja wetu, Bwana Rwegasira, hakutuficha.

Tulikula pamoja kwenye kibanda cha mabati ambacho Mama Shija, mke wa Masanja, alikuwa anapikia. Asubuhi ilikuwa chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, ambavyo huvutika mdomoni kama mpira hadi utamu utoke. Mchana ilikuwa ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, na dagaa, na siku njema sato. Nikimwamkia Mama Shija shikamoo, alikuwa anaitikia marahaba kisha anauliza papo hapo, "Barua ya posa imekuja?"

"Bado, mama."

"Nani ataileta?" Masanja angedakia, mdomo umejaa. Alikuwa mtu mkubwa, mabega kama mlango, na mimi aliniita mayu, ambalo kwa Kisukuma ni mama. "Mwanaume akimuoa huyu mayu ataulizwa bajeti ya kitunguu. Kitunguu kimoja, mwombaji nani, aliyeidhinisha nani!"

"Ndio maana nyie Wasukuma hamuandiki bajeti," Otieno angemjibu. "Mnahesabu ng'ombe, wakitoka zizini mmepoteza hesabu."

"Na nyie Wajaluo mnaandika ya samaki ambaye bado yuko majini."

Kulwa, wa kijiko, alikuwa hacheki kwa sauti. Mabega yake tu ndiyo yaliyotikisika. Nawaona wote hadi leo kwenye lile benchi, na ninachokikumbuka zaidi ni kwamba walikula kwenye sinia moja, na nyama ilipokuwepo waliisukumiana: chukua wewe, hapana, chukua wewe. Hakuna aliyelazimisha desturi hiyo. Ilikuwa hivyo tu.

Sasa nozeli. Usiogope jina. Nozeli ni kipande cha chuma chenye unene wa kidole gumba, na kwenye mitambo yetu kila injini ilikuwa nazo sita, moja juu ya kila silinda, lile tundu ambamo mafuta huungua. Umewahi kumwona mtu anapiga pasi ya mkaa? Anajaza maji mdomoni, anayapuliza juu ya shati, yanatua kama ukungu, sawasawa kila mahali. Nozeli inafanya hivyo kwa dizeli. Pampu inaisukuma dizeli kwa nguvu kubwa, nozeli inaipuliza ndani ya silinda, ule ukungu unaungua wote mara moja, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Nozeli ikichakaa haipulizi tena. Inatiririsha, kama mtoto anayeota meno. Dizeli inaingia kwa matone, matone hayaungui yote, moshi unakuwa mweusi, mtambo unakunywa mafuta mengi na kuvuta kidogo. Nozeli zetu zote zilikuwa hivyo. Greda la Masanja likipanda kilima cha Nyakato, watu walikuwa wanafunga madirisha.

Ili niandike bajeti yake nilimwomba fundi mkuu, Mzee Rashidi, anionyeshe. Mzee Rashidi alizaliwa na kukulia mjini Mwanza, alijua kila duka la vipuri, na alijua pia kwamba anajua. Kofia yake nyeupe haikuwahi kupata doa la grisi, nasi tuliamini ilikuwa inaogopa kumchukiza. Alinipeleka Kirumba, nyuma ya soko la Mwaloni, kwenye chumba cha jamaa yake mmoja ambaye miaka ile alikuwa amefungua karakana yake mwenyewe ya pampu na nozeli. Harufu ya dagaa wa sokoni ilikuwa inaingia dirishani na kuchanganyika na ya dizeli. Juu ya meza kulikuwa na pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia nguvu. Rashidi akafunga nozeli mpya, akatandika gazeti, akashusha mkono wa pampu. Ikatoka sauti fupi, kali, kama mtu anayesonya kwa dharau, na gazeti likapata duara la unyevu lisilo na tone hata moja.

"Umeona? Huyo ni mzima." Akafunga moja ya zetu. Dizeli ikachuruzika, ikafanya dimbwi juu ya picha ya mtu fulani gazetini. "Huyu anatema mate. Na usiweke mkono hapo, binti! Hii mpya inapenya ngozi, inaingia kwenye damu. Utakatwa kidole na bado hujavaa pete."

Nilijifunza siku ile kwamba bajeti ya nozeli ina sehemu tatu, na nikueleze na wewe kwa sababu watu huiandika nusu. Ya kwanza ni kupima, maana huwezi kujua iliyokufa kwa kuitazama. Ya pili ni ncha mpya kwa zile zilizokwisha, pamoja na kazi ya fundi. Ya tatu, inayosahaulika, ni siku ambazo mtambo utasimama bila kazi wakati nozeli zake ziko mezani kwa fundi. Ukiweka zote tatu pamoja utashtuka, halafu utamuuliza fundi bei ya injini nzima, na mshtuko wa kwanza utapungua. Kwetu, baada ya kujumlisha kila kitu na kupunguza kila kinachopungulika, fedha ilitosha seti moja ya nozeli mpya. Seti moja, mitambo mitatu. Injini zao zilikuwa za namna moja, kwa hiyo zingekaa kwenye mtambo wowote. Rashidi alisema zote ziende kwenye greda, kwa kuwa barabara inamaliziwa na greda, na hiyo mingine isubiri hadi tulipwe malipo ya kwanza. Udongo ungeweza kuchimbwa kwa vibarua wa vijijini. Ndivyo nilivyoandika.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Meneja, mchana, madirisha wazi, kelele za karakana zikiingia. Madereva walikaa kwenye benchi, Rashidi alisimama. Meneja akaeleza yote kwa utulivu, kwa Kiswahili chake cha Kihaya kilichonyooka kila silabi. Alipomaliza, Otieno akauliza kitu kimoja tu.

"Na tingatinga?"

"Litaegeshwa. Kwa muda."

"Na kijiko?"

"Hivyo hivyo."

Kulwa aliangalia mikono yake. Hakuna aliyesema neno kupunguzwa. Halikuhitaji kusemwa, lilikuwa limeshakaa nasi mle ndani. Nje mtu alikuwa anagonga chuma, akaacha, akagonga tena. Ndipo Masanja, ambaye nozeli zote sita zilikuwa zake, akakohoa.

"Meneja, mimi siwezi kula peke yangu."

"Masanja..."

"Hapana, nisikilize. Ng'ombe akichinjwa kwetu, kila mtu ana sehemu yake. Mjomba ana yake, jirani ana yake, aliyeshika kamba ana yake. Mimi nikichukua yote hawa nitawaangaliaje? Mbili kwangu, mbili kwa Otieno, mbili kwa Kulwa. Tuvuke wote watatu."

"Nozeli si nyama, wewe!" Rashidi akapaza sauti. "Injini haijui ujirani!"

"Injini haijui. Dereva anajua."

Meneja akavua miwani, akaifuta kwa shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Rashidi. Tukigawa, zitawaka?"

"Zitawaka. Hata kuku aliyekatwa kichwa anakimbia."

"Zitawaka," Meneja akarudia, na akachukua kalamu.

Nimelifikiria lile benchi miaka mingi. Wengine wakisikia hadithi hii hucheka na kusema watu wa zamani walikuwa wajinga. Ningependa usicheke bado. Chumbani mle hapakuwa na asiyejua. Meneja alielewa, Rashidi alieleza, hata Masanja alijua kwamba injini inataka nozeli zake zote ziwe na nguvu moja. Lakini walikuwa wanaulizwa swali jingine, la nani aende nyumbani, na swali hilo walilijibu kama watu waliolelewa vizuri. Ubaya wake ni kwamba chuma hakikuwa kikaoni.

Wakavuka wote watatu. Mitambo ilivushwa kwa kivuko, mmoja mmoja, na nilikwenda gatini kuwatazama. Masanja alisimama kwenye ngazi ya greda akapunga mkono kama mgombea ubunge. Kila mtambo ulikuwa na nozeli mbili mpya na nne za zamani, na mwanzo ulikuwa mzuri, hilo lazima niliseme. Waliwasha asubuhi bila kuhangaika. Moshi ulipungua. Umewahi kuona jeneza linabebwa na watu sita, na wanne kati yao wameshika tu? Linakwenda. Ukiwa mbali huwezi kujua ni wawili wanaobeba. Zile nozeli mbili zilibeba injini nzima, na kwa kuibeba zikatufichia zile nne mbovu. Nazo zilikuwa zinaendelea kuchuruzika, na sasa kutwa nzima, maana mtambo haukuwa unazimwa tena kila mara kwa kukosa nguvu. Dizeli isiyoungua ilikuwa inateleza kwenye kuta za silinda, inapita kando ya pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, inashuka chini kwenye karta, lile bakuli la chini ya injini ambamo oili hukaa.

Kila Jumamosi gari la yadi lilivuka kupeleka mapipa ya dizeli na chakula, na dereva wake alirudi na salamu na mahitaji. Kabla ya nozeli, greda la Masanja lilikuwa linakunywa oili kuliko mitambo yote. Hakuna wiki iliyopita bila kuomba. Sasa salamu zikaanza kuja: greda halitaki oili. Wiki nyingine: bado halitaki. Fungu la oili kwenye bajeti yangu likabaki lilivyo. Meneja, ambaye alikuwa amesahau kutabasamu, akatabasamu. Tukalihamisha fungu lile kwenye unga na maharage ya kambini, na posho iliyokuwa imechelewa ikalipwa. Rashidi alipopata habari hakujizuia. "Mnaona? Mmeniwekea mbili tu, na bado greda limeacha ulevi. Mngeniwekea sita lingeanza kusali."

Masanja alikuja Mwanza Jumapili moja, amebeba sato wawili waliopitishwa kamba mdomoni. Mama Shija akawakaanga, akawatia nyanya na ndimu, tukakaa kibandani pamoja na Meneja, ambaye alikuwa amepitia tu kuchukua funguo. Rashidi hakuwepo, alikuwa amekwenda Pasiansi kwa dada yake. Mara nyingi nimelipima jambo hilo, kwamba alikuwa Pasiansi, umbali wa kutembea kwa miguu.

"Mayu," Masanja akasema, anachambua miiba, "wewe mtu wa hesabu, nieleze. Greda langu lina mimba."

"Haya, ameanza," Mama Shija akasema.

"Kweli! Asubuhi nachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Naikuta iko juu ya alama. Na sijaongeza hata tone! Kesho yake imepanda tena kidogo. Kitu gani duniani kinaongezeka bila kununuliwa?"

"Madeni," Meneja akajibu, na tukacheka hadi Mama Shija akashika nguzo ya kibanda.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo. Samaki alikuwa mtamu. Masanja aliosha mikono, akamwambia mkewe aanue shuka kwenye kamba kwa kuwa mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Ukerewe, akaenda zake kuwahi kivuko. Barabara ilikuwa imebaki kipande kidogo.

Kilichotokea ng'ambo siku ya ajali sikukiona. Nilikisikia kwa Otieno, kwenye ukumbi wa nje wa hospitali, mimi na Mama Shija tulipovuka siku iliyofuata. Otieno alikuwa amechuchumaa kwenye ukuta, bado amevaa bwelasuti ya kazi.

"Alikuwa anasawazisha pale karibu na shule ya msingi," akasema. "Watoto walikuwa wametoka mapumziko, wamejaa pembeni, si unajua watoto na greda. Mara nikasikia injini inapanda sauti. Nikadhani anapanda tuta. Haikushuka. Ikapanda, ikapanda. Nikaona moshi mweupe, mwingi, kama wingu. Nikamwona anavuta kile chuma cha kuzimia. Anavuta, mama, anavuta! Haizimi."

Nisimame hapa nikueleze, maana hili ndilo lililomshinda yule kijana msibani. Injini ya dizeli huzimwa kwa kukatiwa mafuta. Lakini ya Masanja ilikuwa na mafuta mengine chini, oili iliyojaa dizeli, nyepesi, iliyofurika mpaka mvuke wake na matone yake yakaanza kuvutwa na injini yenyewe kupitia njia ya hewa. Ukikata pampu, haijali. Inajilisha. Inakimbia kwa kasi yote iliyonayo na kuendelea kuongeza, mpaka iishiwe au ivunjike. Njia ya kuizima inabaki moja, kuinyima hewa.

"Aliruka chini," Otieno akaendelea. "Akawapigia watoto kelele, tokeni, tokeni! Wakakimbia. Na yeye angekimbia! Nilimwita, Masanja, liache life! Akavua koti, akapanda, akalikandamiza kwenye mdomo wa hewa. Sauti ikaanza kushuka, nakwambia, ilianza kushuka. Halafu kikapasuka kitu. Chuma kikatoka ubavuni mwa injini, na oili ya moto..." Mama Shija alikuwa ameshapita, ameingia wodini bila kumngoja muuguzi.

Masanja alikuwa amelazwa upande, mkono wa kulia na mbavu zimefungwa bandeji, uso umevimba. Alifungua jicho moja. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Greda?"

"Unauliza chuma!" Mama Shija akasema, na hapo ndipo alipolia.

"Watoto?"

"Wazima wote," nikamwambia.

Kisha akauliza kama Otieno na Kulwa wanaendelea na kazi. Otieno, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema ndiyo, wanaendelea. Haikuwa kweli. Bila greda, tingatinga na kijiko vingeweza kuchimba na kuzoa hadi mwisho wa dunia na pasiwe na barabara.

Mzee Rashidi alifika mchana, akaenda moja kwa moja pale lilipokuwa greda, nami nilifuatana naye. Ubavu wa injini ulikuwa na tundu ambalo ungeweza kupitisha ngumi. Akachovya vidole viwili kwenye kilichobaki chini, akavisugua, akanusa. Akasugua tena. Akaketi juu ya gurudumu la mbele, akavua ile kofia yake nyeupe, na mikono yake ilikuwa michafu.

"Hii si oili," akasema. "Hii ni dizeli." Baadaye kidogo akaniuliza, "Hakuna aliyesema inapanda?"

Nikamwambia alisema. Nikamweleza kuhusu Jumapili, samaki, na mimba ya greda. Rashidi hakunikaripia wala hakumtukana Meneja. Alitikisa kichwa polepole, na tulipokuwa kwenye kivuko, katikati ya maji, akasema, "Na mimi nilisema limeacha ulevi."

Mvua zilikuja. Kipande kilichobaki, ambacho greda zima lingekimaliza kwa muda mfupi, kikageuka tope, na sehemu iliyokwishatengenezwa, kwa kuwa haikuwa imeshindiliwa na kuchongewa mifereji, ikaanza kukatika. Kazi akapewa mkandarasi mwingine, mtu binafsi, mwenye mitambo mipya ya rangi ya njano. Yadi ikauzwa. Nilikuwepo wanunuzi walipopita na chaki wakiandika namba ubavuni mwa vyuma. Tingatinga na kijiko, pamoja na zile nozeli zao mpya mbili mbili, vilikwenda kama chakavu. Otieno alipunguzwa, Kulwa alipunguzwa, Rashidi, mimi, hadi mlinzi. Mama Shija alivunja kibanda mwenyewe, akajitwika mabati.

Mkono wa Masanja haukunyooka tena. Ngozi ilishika kwenye kiwiko, ukabaki umekunjwa kama wa mtu anayebeba mtoto. Mkewe aliingia biashara ya dagaa Mwaloni, na yeye akawa anaenda naye kugeuza dagaa juani kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nikipita huko nawaamkia. Hakuwahi kumlaumu mtu mbele yangu. Mara moja tu, mimi ndiye niliyegusia, akasema, "Ningechukua zote, mayu, wale wangeondoka kabla yangu. Angalau tuliondoka pamoja." Alilisema bila uchungu, anageuza dagaa. Mimi sikuona faraja ndani yake, na sidhani kama yeye aliiona. Aliishi hivyo hadi mwezi uliopita.

Otieno alikuwepo msibani, mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Hakugusa chakula. Tulipokuwa tunatoka makaburini alinishika kiwiko, akaniambia, "Zile mbili zangu zilikuwa zake, Leokadia. Na za Kulwa zilikuwa zake." Nilitembea naye taratibu hadi barabarani.

Siwezi kukufundisha namna ya kumwambia mwenzako kwamba mtambo wake utaegeshwa. Sikuijua wakati ule na siijui leo. Lakini lile la chuma ninaweza, na ni jepesi. Kesho asubuhi, kabla hujawasha mtambo wako, chomoa kijiti cha oili, kifute kwa kitambaa, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na hakuna aliyeongeza, chukua tone, lisugue kati ya vidole, linuse. Likinuka dizeli, usiwashe. Fungua nozeli zote sita, zipeleke zote zikapimwe, mwaga oili yote utie mpya, na mtambo ukae hapo hapo ulipo mpaka nozeli zake zirudi.